Kuziba Mwanya wa Meno ya Mbele: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Tiba

Mtu anayekuja kliniki kuomba azibiwe mwanya mara nyingi huwa amekwisha kuchagua tiba kabla hajakaa kwenye kiti. Ameona tangazo la vinia, yaani maganda membamba ya kauri yanayobandikwa mbele ya meno, au rafiki yake amefunga waya, au ameambiwa kuna mahali wanaziba kwa saa moja na kwa bei nafuu. Kazi ya kwanza ya daktari wa meno anayejali ni kumrudisha nyuma kidogo, ili kwanza ajulikane mwanya wake umetokana na nini, kisha upimwe, pamoja na meno yanayopakana nao. Nimefanya kazi hii kwa miaka mingi, na karibu kila mgonjwa niliyemwona akirudi na majuto alikuwa amepotea katika hatua hizo mbili. Vifaa vilikuwa vizuri na mikono ilikuwa na ustadi, ila alipewa tiba iliyofaa mwanya wa mtu mwingine.

Nitafuata hapa mpangilio uleule ninaoufuata na mgonjwa wangu, kuanzia uamuzi wa kuziba au kutoziba hadi siku anapotoka na kuanza kuyatunza meno yake. Ninazungumzia zaidi mwanya ulio kati ya meno mawili ya katikati ya taya la juu, kwa sababu ndio unaowaleta watu wengi.

Hatua ya kwanza: amua kama unataka kuuziba

Mwanya wenyewe si ugonjwa. Ukiwa na fizi zenye afya na unapiga mswaki vizuri, unaweza kuzeeka nao bila kupata madhara yoyote. Katika mwambao wetu na sehemu nyingi za bara, mwanya wa mbele unahesabiwa kuwa uzuri, na wako wanaosikitika kwamba hawakuzaliwa nao. Nayasema haya kwa sababu baadhi ya wanaokuja hawakusumbuliwa kamwe na mwanya wao mpaka mtu mmoja aliposema neno, na daktari anapaswa kulijua hilo kabla hajagusa jino.

Nakumbuka binti mmoja aliyekuja akifuatana na bibi yake. Yeye alitaka mwanya uzibwe kabisa kabla ya harusi. Bibi alinyamaza muda wote wa uchunguzi, kisha akasema, "Daktari, mwanya huu ni wa ukoo wetu, mimi ninao na mama yake alikuwa nao. Lakini mwenye kinywa ni yeye." Tulizungumza kwa muda, ikaonekana kwamba kilichomkera yule binti ni upana wa mwanya na mluzi mdogo uliokuwa ukitoka alipotamka herufi "s". Mwanya wenyewe haukuwa na ubaya machoni pake. Tulipunguza kutoka milimita 3 hadi chini kidogo ya milimita 1. Mluzi ukaisha na alama ya ukoo ikabaki. Watu wachache huambiwa kwamba njia hii ya kupunguza bila kuziba ipo, nami naona ni haki ya mgonjwa kuisikia.

Ikiwa mwenye mwanya ni mtoto, jibu mara nyingi ni kusubiri. Mianya katikati ya meno ya utoto ni jambo jema, kwa kuwa inaandaa nafasi kwa meno ya ukubwani ambayo ni mapana zaidi. Meno ya mbele ya ukubwani huota kati ya miaka 6 na 9, na mara nyingi huja yakiwa yametawanyika. Chonge za juu zinapoota, kwa kawaida kati ya miaka 11 na 13, huyasukuma yale ya mbele yakakaribiana, na mwanya mdogo wa milimita 2 au chini yake mara nyingi hujifunga wenyewe. Mzazi asikubali mtoto wa miaka 8 azibwe mwanya. Ampeleke akapigwe picha ya eksirei tu ikiwa jino moja la mbele limeota na mwenzake amekawia kwa zaidi ya miezi sita, kwa sababu huenda kuna jino la ziada lililojificha ndani ya mfupa.

Hatua ya pili: tafuta chanzo

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, nami naomba msomaji aisome polepole.

Chanzo cha kawaida kabisa ni urithi: taya ni kubwa kuliko jumla ya upana wa meno, kwa hiyo meno yanabaki na nafasi. Pengine meno mawili ya katikati yana upana wa kawaida, ila yale yanayofuata pembeni yake ni madogo, yamechongoka kama kigingi, au hayakuota kabisa. Ukimziba mtu wa namna hii mwanya wa katikati peke yake, umeshughulikia mahali pasipo na tatizo, kwa kuwa upungufu uko pembeni, na huko ndiko kunakohitaji kujengwa.

Chanzo cha pili ni kile kigozi kinachounganisha mdomo wa juu na ufizi. Kwa baadhi ya watu kimeshuka hadi katikati ya meno mawili na kina nyuzi nene zinazoyazuia yasikutane. Unaweza kujipima nyumbani: simama mbele ya kioo kwenye mwanga mzuri, inua mdomo wa juu kwa vidole viwili, uuvute mbele taratibu, kisha tazama kile kipande cha ufizi kilicho kati ya meno mawili. Kikibadilika rangi na kuwa cheupe unapovuta, kuna uwezekano kwamba kigozi hicho kinahusika. Kukikata ni upasuaji mdogo wa kutumia ganzi, lakini mara nyingi hufanywa baada ya meno kukaribishwa kwa waya au karibu na mwisho wa tiba hiyo, kwa sababu kovu likitangulia linaweza lenyewe kuwa kizuizi.

Ulimi nao una nguvu kuliko tunavyodhani. Mtu anayesukuma meno ya mbele kwa ulimi kila anapomeza, au aliyenyonya kidole hadi umri mkubwa, huyatawanya meno kidogo kidogo. Kwake tiba yoyote itakuwa ya muda mfupi tabia hiyo isiporekebishwa.

Huku kwetu kuna chanzo kingine ambacho vitabu vya ng'ambo havikitaji sana. Katika sehemu za Tanzania, Kenya na Uganda wako watoto waliong'olewa vichipukizi vya chonge wakiwa wachanga, kwa imani kwamba ni "meno ya plastiki" yanayoleta homa na kuharisha. Baadhi yao hukua wakiwa hawana chonge ya ukubwani, au iliota ikiwa na hitilafu, na meno ya jirani yakahamia kwenye nafasi iliyoachwa. Ukijua au ukishuku kwamba ulitendewa hivyo, mwambie daktari bila kuona haya, kwa sababu hilo linabadilisha mpango mzima wa tiba.

Chanzo kinachonitia hofu kuliko vyote ni ugonjwa wa fizi. Mfupa unaoshikilia meno unapoliwa, meno ya mbele hulegea, hujitokeza mbele na kuachana. Ili kuutambua, chukua picha zako za zamani, ya kitambulisho au ya harusi, uzilinganishe na kioo. Mwanya uliozaliwa nao utaonekana katika picha za ujana. Mwanya uliotokea ukiwa na miaka 35 au 45 ni dalili kwamba kuna kitu kinaendelea, hasa ikiwa fizi zinatoka damu unapopiga mswaki, unavuta sigara, au una kisukari. Katika hali hiyo usikubali mtu yeyote akuzibe mwanya kabla fizi hazijatibiwa na kutulia. Resini (ule mchanganyiko wa rangi ya jino wa kujengea meno) au vinia iliyobandikwa kwenye jino linalolegea huficha tatizo kwa miezi michache, na mgonjwa huja kulipoteza jino lenyewe.

Kwa hiyo uchunguzi kamili unakuwa na mambo haya: kupima kina cha fizi kwa kifaa chembamba chenye alama za milimita, picha ya eksirei ya meno ya mbele, kuangalia namna meno ya juu na ya chini yanavyokutana unapouma, na maswali kuhusu afya yako na tabia zako. Ukitajiwa bei kabla ya mambo hayo kufanyika, una sababu ya kuondoka.

Hatua ya tatu: pima, kisha piga hesabu

Jino la katikati la juu kwa wastani lina upana wa milimita 8.5 na urefu wa milimita 10.5. Jicho la mwanadamu huliona jino hilo kuwa limependeza pale upana wake unapokuwa kati ya asilimia 75 na 85 ya urefu wake, yaani jino liwe refu kidogo kuliko lilivyo pana.

Sasa chukua mwanya wa milimita 1. Ukiuziba kwa kuongeza nusu milimita kila upande, kila jino linakuwa na upana wa milimita 9, ambao ni karibu asilimia 86 ya urefu. Hakuna atakayegundua. Chukua mwanya wa milimita 2, na kila jino linafika milimita 9.5, sawa na asilimia 90 hivi. Hapo mtu makini anaanza kuona meno mapana, ingawa fundi mzuri anaweza kulipunguza jambo hilo kwa namna anavyochonga kona na kupitisha mwanga. Mwanya wa milimita 4 unalifikisha kila jino milimita 10.5, upana sawa na urefu, na unapata meno mawili ya mraba katikati ya uso. Wengi wanaosema "meno yangu yamekuwa makubwa kama ya sungura" baada ya kuzibwa waliangukia katika hesabu hii, na hakuna aliyewapigia mapema.

Kutokana na hesabu hiyo, mwongozo wangu wa kwanza ni huu. Mwanya wa hadi milimita 2 hivi, katika kinywa chenye fizi nzuri, unaweza kuzibwa kwa kuongeza resini. Kati ya milimita 2 na 3 ni lazima ufikirie kugawa nafasi kwa meno manne badala ya mawili, au kuyasogeza kwanza. Zaidi ya milimita 3, waya au trei za plastiki zinazovaliwa juu ya meno ili kuyasogeza ndizo tiba yenyewe, au ndizo mwanzo wa tiba. Meno yako yakiwa madogo kuliko wastani, unapata nafasi zaidi ya kujenga. Yakiwa mapana tayari, unapata nafasi kidogo. Mwambie daktari akupimie upana na urefu wa meno yako mwenyewe na kukuandikia tarakimu hizo.

Hatua ya nne: zijue tiba kwa undani

Resini, ambayo wengine huiita kompoziti, ni ule mchanganyiko laini wa rangi ya jino unaotumika kuziba matundu. Tangu mwaka 1955, Michael Buonocore alipoonyesha kwamba enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, ikipakwa asidi inapata vinyweleo ambavyo plastiki inaweza kujishika humo, imewezekana kujenga jino bila kulichonga. Mwanya unazibwa hivi: jino linasafishwa na kukaushwa, linapakwa asidi ya fosforiki kwa sekunde 15 hadi 30, linaoshwa, na enameli inabaki nyeupe kavu kama chaki. Kisha hupakwa gundi, na resini hupangwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka likigandishwa kwa mwanga wa bluu kwa sekunde 20 hivi. Kazi ya mwisho ni kung'arisha, nayo ndiyo inayotenganisha kazi nzuri na mbaya. Pitisha uzi wa meno mahali resini inapokutana na jino karibu na ufizi. Ukipita bila kukwama wala kuchanika, kazi imefanywa vizuri. Ukikwama, kuna ukingo, na ukingo huo utakusanya ukoga na kuufanya ufizi uvimbe na kutoka damu.

Faida kubwa ya resini ni kwamba mara nyingi haihitaji kuondoa chochote katika jino, haihitaji ganzi, inamalizika kwa siku moja, na ikivunjika inarekebishwa. Hasara yake ni umri. Tarajia miaka 5 hadi 7 kabla ya kuhitaji marekebisho makubwa, na kabla ya hapo inaweza kunyonya rangi ya chai ya rangi, kahawa, manjano, tambuu na sigara. Kwa wenzetu waliokulia Arusha, Kilimanjaro, Singida na maeneo mengine ya Bonde la Ufa ambako maji yana floridi nyingi, kuna jambo la kuzingatia zaidi: enameli yenye madoa ya kahawia haishiki gundi kama enameli ya kawaida, kwa hiyo huenda ikahitaji kusuguliwa kidogo juu juu au kupakwa asidi kwa muda mrefu zaidi. Mweleze daktari ulikolelewa, hata kama sasa unaishi kwingine.

Vinia ni ganda jembamba la kauri linalobandikwa mbele ya jino. Ina mng'aro wa kina unaofanana na jino la asili, haibadiliki rangi, na ikitunzwa inaweza kudumu miaka 10 hadi 15 au zaidi. Lakini mara nyingi jino hukwanguliwa milimita 0.3 hadi 0.7 ili ganda lipate nafasi, na enameli iliyoondolewa hairudi. Karibu na ufizi enameli yenyewe ni nyembamba, kwa hiyo mkwanguo wa kina unaingia kwenye tabaka la ndani, ambako gundi haishiki vizuri na jino linaanza kuhisi baridi. Ukishaweka vinia umejifunga kuwa mtu wa vinia maisha yako yote. Kila moja inapofikia mwisho wake, itabidi iwekwe nyingine. Kijana wa miaka 20 mwenye meno mazima na mwanya tu, nampa ushauri asiziweke. Mtu wa miaka 45 ambaye pamoja na mwanya ana meno yaliyomomonyoka, yaliyobadilika rangi au yenye viraka vya zamani, kwake vinia zina hoja ya kweli. Ziko pia vinia nyembamba zisizohitaji kukwangua, na kwa mwanya zinafaa mara kwa mara, kwa kuwa kinachotakiwa ni kuongeza.

Kofia kamili, inayofunika jino lote baada ya kulichonga pande zote, haina nafasi hapa ikiwa jino ni zima. Inaondoa zaidi ya nusu ya sehemu ya jino inayoonekana, na kuifanya kwa ajili ya mwanya ni kuharibu. Ukipendekezewa kofia kwa meno mazima, omba maoni ya daktari wa pili.

Waya na trei za plastiki hushughulikia mahali meno yalipo badala ya umbo lake. Waya zilizobandikwa zinaweza kufunga mwanya mdogo kwa miezi kadhaa, ila kupanga kinywa kizima huchukua mwaka mmoja hadi miwili. Trei za plastiki angavu, ambazo wengi wanazijua kwa jina la Invisalign la kampuni ya Align Technology iliyoanzishwa California mwaka 1997, huvaliwa saa 20 hadi 22 kwa siku na huvuliwa wakati wa kula na kupiga mswaki. Zinafanya kazi vizuri kwa mianya ya kawaida, lakini zinamtaka mtu mwenye nidhamu. Anayezivaa usiku tu anapoteza fedha zake. Meno yakisogezwa yanabaki mazima kama yalivyoumbwa, na kwa sababu hiyo naiweka njia hii juu ya nyingine zote kwa mtu mwenye mwanya mpana na subira. Katika vinywa vingi matokeo mazuri kabisa hutokana na kuunganisha: waya hupunguza mwanya na kugawa nafasi sawa, kisha resini kidogo humalizia pembeni mwa meno madogo.

Hapa lazima niseme kwa msisitizo kuhusu mpira. Mitandaoni zinauzwa pete ndogo za mpira za kuzungushia meno mawili ya mbele ili yakaribiane, na wako wanaotumia mipira ya kufungia nywele au pesa. Mzizi wa jino umechongoka kuelekea juu, kwa hiyo pete hupanda, huingia chini ya ufizi bila kuonekana, na huendelea kupanda ikikata nyuzi zinazolishika jino mfupani. Watu wamepoteza meno yote mawili ya mbele kwa njia hii. Ikiwa umewahi kuvaa mpira wa aina hiyo na ukapotea usijue ulikwenda wapi, nenda kwa daktari wa meno leo, hata kama husikii maumivu, kwa sababu kwenye picha ya eksirei mpira huo huenda usionekane na inabidi utafutwe kwa mkono.

Hatua ya tano: jaribu kabla ya kukubali

Mwombe daktari akujengee mfano. Anaweza kuchukua kipimo cha meno yako, kumimina plasta, na kujenga umbo jipya kwa nta juu ya nakala hiyo, kisha kulihamishia kinywani mwako kwa nyenzo ya muda isiyobandikwa. Kwa mwanya mdogo inatosha kuweka resini kidogo bila asidi wala gundi, ambayo hutoka kwa kucha. Jiangalie kwa mwanga wa mchana karibu na dirisha, kwa kuwa taa ya kliniki hudanganya rangi. Piga picha ukicheka kwa kawaida, ukiwa umesimama umbali wa hatua mbili.

Kisha zungumza. Nawaambia wagonjwa wangu waseme kwa sauti "samaki", "zawadi", "fenesi", "vivuli", "thamani" na "dhahabu". Kwenye "f" na "v" ncha za meno ya juu hugusa mdomo wa chini, na meno yaliyorefushwa kupita kiasi hujisikia mara moja. Kwenye "th" na "dh" ulimi hutoka kati ya meno, na kwenye "s" na "z" hewa hupita katika njia nyembamba ambayo mwanya ulikuwa sehemu yake. Mwanya ukizibwa, ulimi huhitaji siku chache kuzoea, na hilo ni la kawaida. Matamshi yakibaki yamevurugika baada ya wiki mbili au tatu, umbo lirekebishwe. Kwa mwalimu, mtangazaji, msomaji wa Kurani au mwimba kwaya, jaribio hili ni la lazima.

Ukitaka kung'arisha meno, fanya hivyo kwanza, kisha usubiri wiki mbili kabla ya kubandika chochote. Rangi inahitaji kutulia, na mabaki ya dawa ya kung'arishia hudhoofisha gundi. Resini na kauri hazing'ariki baadaye, kwa hiyo anayeanza na kuziba hubaki na meno ya rangi mbili.

Hatua ya sita: mchague daktari na uielewe bei

Hakikisha aliye mbele yako amesajiliwa. Tanzania Bara daktari wa meno husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na Kenya husajiliwa na KMPDC, yaani baraza la madaktari na madaktari wa meno la nchi hiyo. Una haki ya kuuliza namba ya usajili na kuihakiki. Kuziba kwa resini ni kazi ambayo daktari wa meno wa kawaida mwenye uzoefu anaiweza. Kwa mwanya mpana, meno yasiyoota au taya zisizokutana vizuri, tafuta daktari bingwa wa kupanga meno, hata ikibidi kusafiri hadi hospitali kubwa kama Muhimbili au hospitali ya kufundishia iliyo karibu nawe. Jihadhari na watu wa saluni na wa mitandaoni wanaobandika vinia hotelini au nyumbani, kwani wengi wao hawana mafunzo wala njia ya kutakasa vifaa. Daktari unayemfikiria mwombe picha za kazi zake mwenyewe, na hasa za wagonjwa aliowatibu miaka mitatu au minne iliyopita. Picha ya siku ya kumaliza haionyeshi jinsi ukingo na ufizi vitakavyokuwa baadaye.

Kuhusu fedha, bima nyingi hazilipi tiba za urembo, kwa hiyo uliza mapema. Usilinganishe bei ya siku ya kwanza peke yake. Chukua miaka 20: resini itahitaji kufanywa upya mara mbili au tatu, pamoja na kung'arishwa kila mwaka au miwili, vinia itahitaji kubadilishwa angalau mara moja, kwa gharama kubwa zaidi kila mara, waya hulipwa mara moja lakini hufuatiwa na kishikizi, yaani uzi wa chuma wa kuyazuia meno yasirudi, kinachohitaji ukaguzi na marekebisho. Uliza bei ni kwa jino au kwa kinywa, kama inajumuisha kusafisha fizi na picha ya eksirei, na nani atalipa resini ikibanduka ndani ya miezi sita.

Wenye harusi waje mapema. Hata kazi ya siku moja inahitaji wiki tatu au nne mbele yake, kwa ajili ya kusafisha, kuponya fizi na kujaribu mfano. Niliwahi kumkubalia mgonjwa aliyenisihi sana zikiwa zimebaki siku tatu. Fizi zake zilikuwa zinatoka damu, damu ikaingia kwenye gundi, na kipande kikatoka akiwa anakula ukumbini. Kosa lilikuwa langu, na tangu siku hiyo sikubali tena.

Baada ya tiba

Kwa saa 48 za kwanza baada ya resini epuka chai, kahawa na vyakula vya manjano. Baada ya hapo, kinachoivunja ni nguvu ya kung'ata kwa mbele: mua, mahindi ya kuchoma kwenye gunzi, mfupa, kucha, kalamu, na kufungua chupa kwa meno. Kata chakula kigumu vipande na utafune kwa magego. Unayesaga meno usiku, dalili yake ikiwa taya kuchoka asubuhi au wenzako kukusikia ukisaga, utengenezewe kinga ya kulalia, la sivyo hakuna tiba ya mbele itakayodumu. Piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi, pitisha uzi wa meno kila usiku, na mswaki wa mti unaweza kuendelea nao ilimradi usisugue kwa nguvu kwenye mpaka wa resini na ufizi. Rudi kwa daktari kila baada ya miezi sita.

Kwa aliyefungwa mwanya kwa waya, kuna neno moja zaidi, nami hulisema siku waya zinapofunguliwa, wakati mgonjwa anashangilia na yuko tayari kuahidi lolote. Mwanya wa katikati una kawaida ya kurudi kuliko karibu kasoro nyingine zote za mpangilio wa meno. Kwa hiyo huwekwa uzi mwembamba wa chuma nyuma ya meno mawili au sita ya mbele, usioonekana, na unatakiwa ukae miaka yote, si mwaka mmoja. Ili kusafisha chini yake utahitaji kifaa kidogo cha plastiki kinachofanana na sindano ya kushonea, cha kuupitishia uzi wa meno, au kijibrashi chembamba cha katikati ya meno. Kila jioni gusa uzi huo kwa ncha ya ulimi, jino moja baada ya jingine. Siku utakapohisi ncha inayochoma au sehemu inayocheza, usisubiri miadi yako ya miezi sita, kwa sababu upande mmoja ukibanduka jino linaweza kuanza kurudi ndani ya siku chache, na kuubandika tena siku hiyo ni kazi ya dakika kumi.